Kwaya Iliyoimba Bila Mwalimu: Ugomvi wa Watazamaji Juu ya Så som i himmelen

Mwanzoni mwa mwaka 2005 filamu ya Kiswidi Så som i himmelen (Kama Huko Mbinguni) iliingia kwenye Guldbagge, tuzo kubwa kuliko zote za filamu nchini Uswidi, ikiwa imeteuliwa katika vipengele kadhaa. Ikatoka mikono mitupu. Majuma hayohayo ilikuwa ni miongoni mwa filamu tano zinazowania Oscar ya filamu bora ya lugha ya kigeni, na kumbi za sinema zilikuwa zikipokea watu waliokuja kuitazama kwa mara ya pili na ya tatu. Iliuza tiketi zaidi ya milioni moja katika nchi iliyokuwa na watu wapatao milioni tisa. Oscar nayo ikaikosa, ikaenda kwa Wahispania.

Wajuzi wakaguna, umma ukapenda. Hilo si jipya. Kila nchi ina filamu yake ya namna hiyo. Kilichonifanya nikae na kisa hiki ni kwamba ugomvi haukuisha pale filamu ilipoondoka kumbini. Miaka ishirini baadaye bado ukikutana na mtu aliyeitazama, awe Mswidi, Mjerumani au Mwaustralia, atakuambia ama ilimbadilisha maisha ama ilimchefua, na wale wa katikati ni wachache mno. Australia ilipata bahati ya ajabu: ukumbi mmoja wa kitongoji cha Sydney uliendelea kuionyesha kwa zaidi ya mwaka, wakati filamu nyingi za lugha ya kigeni huko hazimalizi mwezi.

Kwanza kisa chenyewe, kwa ambaye hajaiona.

Daniel Daréus ni mwongoza okestra wa hadhi ya dunia. Moyo unamwangusha akiwa kazini, damu puani, mbele ya wanamuziki wake. Anaacha yote na kurudi kijiji cha utotoni huko Norrland, kaskazini mwa Uswidi, ambako alikuwa akipigwa na wenzake kwa ajili ya fidla yake. Kijiji, Ljusåker, ni cha kubuni. Kwa kuwa alishabadili jina, hakuna anayemtambua. Ananunua jengo la shule ya zamani, anakaa peke yake na theluji yake. Watu wa kwaya ya kanisa, Arne mwenye duka akiwa mbele, wanamng'ang'ania aje japo awasikilize. Anakwenda, kisha anaomba kazi ya kuiongoza kwaya. Kuanzia hapo kijiji kinaanza kufumuka: mchungaji Stig anaona waumini wakimpa mgeni kile ambacho hawajawahi kumpa yeye, mke wake Inger anaanza kusema mambo aliyoyameza kwa miaka, na Gabriella, ambaye mumewe Conny humpiga na kila mtu anajua, anatungiwa wimbo wa peke yake. Mwishoni wanapanda basi kwenda Innsbruck, Austria, kwenye mashindano ya kimataifa ya kwaya. Arne ndiye aliyewaandikisha, tena bila kumwuliza mtu.

Daniel anaigizwa na Michael Nyqvist. Wapenzi wa sinema za mapigano wanamjua kwa sura nyingine kabisa: ndiye bosi wa majambazi wa Kirusi katika John Wick ya mwaka 2014. Gabriella ni Helen Sjöholm, aliyekwishakuwa nyota wa michezo ya kuigiza ya muziki tangu miaka ya 1990, na Lena, msichana ambaye Daniel anampenda bila kujua amwambie nini, ni Frida Hallgren.

Sasa lawama. Ukizikusanya utaona zinarudi kwenye jambo moja: Daniel ni mtakatifu mno. Anafika kijijini, anawaambia watu kila mmoja ana sauti yake mwenyewe na kazi yake ni kuitafuta, basi vilema vya roho vinanyooka kimoja baada ya kingine. Anafuatwa na wanafunzi, anachukiwa na kiongozi wa dini, kuna wa karibu anayemgeuka, kuna mateso ya mwili, na mwisho wake unaujua kabla hujafika. Wapo watazamaji waliohesabu alama za Yesu moja moja na kusema imezidi. Wengine walikwenda mbali zaidi: walisema hii si filamu, ni semina. Hawakulitoa hewani. Mwongozaji Kay Pollak, mzaliwa wa 1938, alikuwa amekaa miaka kumi na minane bila kutoa filamu ndefu tangu Älska mej! ya mwaka 1986, na katika kipindi hicho alijulikana Uswidi zaidi kwa mihadhara na vitabu vya kumsaidia mtu ajijenge. Kimoja, Att växa genom möten, cha mwaka 1994, ni juu ya namna mtu anavyokua kwa kukutana na wengine. Aliyekuwa amekisoma alipoingia ukumbini mwaka 2004 alikuta mafundisho yaleyale, safari hii yakiwa na kwaya nyuma yake.

Na waliosifu je? Nao walimsifu Daniel. Jinsi anavyosikiliza, jinsi anavyoshindwa kuendesha baiskeli mpaka Lena amfundishe, jinsi mtu aliyezoea kumbi kubwa za Ulaya anavyohangaika kuzungumza na bibi wa kijijini. Ni kweli Nyqvist anaibeba sehemu hiyo vizuri. Uso wake una haya ambayo huwezi kumfundisha mwigizaji.

Mimi naona pande zote mbili zimeangalia mtu asiyefaa kuangaliwa. Filamu hii inakuwa na nguvu kila Daniel anaponyamaza, na inadhoofika kila anapofungua kinywa kutoa somo. Pollak mwenyewe sidhani aliipanga hivyo. Lakini ndivyo ilivyo kwenye skrini, na ndiyo maana waliomchukia Daniel hawakuweza kueleza kwa nini mwishoni nao machozi yaliwalenga.

Chukua Holmfrid. Ni mwanakwaya mnene, mpole, mtu wa kucheka pamoja na wanaomcheka. Arne ana utani wake juu yake, utani ambao kila mmoja pale ameuzoea kiasi kwamba hausikiki tena. Siku moja katikati ya mazoezi Arne anarusha neno lake la kila siku juu ya unene, na Holmfrid analipuka. Anapiga kelele, analia, mwili mzima unatetemeka. Miaka yote hiyo tangu shuleni umekuwa ukiniita hivi. Kamera haiendi kwa Daniel kutafuta hekima. Inakaa kwenye nyuso za wanakwaya waliocheka dakika moja iliyopita, na wewe uliyekaa kwenye kiti ulicheka pia, maana utani ulikuwa wa kuchekesha. Daniel hana cha kufanya pale. Ile ni hesabu ya wanakijiji wao kwa wao, ya miongo mitatu, na mgeni hata awe na kipaji gani hawezi kuilipa.

Nimewahi kuitazama na wanakwaya wa hapa nyumbani, chumba kimejaa, na mahali watu waliponyamaza kabisa ni hapo. Mwisho wa filamu watu walibishana, wimbo wa Gabriella ulipigiwa makofi, lakini kwa Holmfrid hakuna aliyesema neno. Kila kwaya ina Holmfrid wake, na kila kwaya ina Arne wake ambaye bila yeye basi halipatikani na michango haikusanywi.

Hapo ndipo mtazamaji wa kwetu anapoiona filamu hii kwa jicho ambalo mkosoaji wa Stockholm hana. Husemwa mara nyingi kwamba Waswidi wapatao 600,000 huimba kwenye kwaya, na ni nchi inayojivunia hilo. Lakini kwaya ya kanisa kwao imekuwa kitu cha utamaduni zaidi ya kitu cha mamlaka. Tangu mwaka 2000 Kanisa la Uswidi si kanisa la dola tena, na Jumapili ya kawaida viti ni vingi kuliko watu. Kwa hiyo wengi wao walimwona mchungaji Stig kuwa kikaragosi: mtu anayechukia kucheka, anayeficha magazeti ya ngono nyuma ya vitabu vyake, anayekuja kwa Daniel na bunduki mkononi akiwa amelewa. Nani tena yuko hivyo, waliuliza.

Kaskazini ya mbali ina jibu lake. Huko ndiko Lars Levi Laestadius alikoanzisha uamsho wake katika miaka ya 1840, akiwa mchungaji wa Karesuando, na mkazo wake juu ya dhambi na toba haujafutika katika familia nyingi hadi leo. Filamu haisemi Stig ni wa mkondo huo. Lakini mtu aliyekulia Norrland hahitaji kuambiwa kwamba mchungaji mkali wa kijijini hakutungwa mezani.

Na mtu aliyekulia kwenye usharika wa KKKT, kanisa la Kilutheri la Tanzania, au kwenye kigango, au kanisa lolote lenye kwaya tatu zinazogombea zamu ya kuimba, hahitaji Laestadius kumwelewa Stig. Anamjua. Kwaya inapoanza kuvuta watu kuliko mahubiri, mchungaji lazima atafute namna. Mara nyingine anaikumbatia, mara nyingine anaitisha kikao cha wazee wa kanisa kujadili mavazi ya mwalimu wa kwaya, au nyakati za mazoezi, au kwa nini wanacheza sana. Mwalimu akiondolewa, huondoka na nusu ya waimbaji, kama ilivyo kwenye filamu ambapo kwaya inahamia kwenye ile shule ya zamani baada ya mchungaji kumfukuza Daniel. Sehemu hii, ambayo wakosoaji waliiita ya kukuza mambo, kwangu ilikuwa ya kawaida kabisa. Kilichozidi ni bunduki.

Inger ni suala jingine. Mama mchungaji huyu anayafumania yale magazeti, na badala ya kulia anamwambia mumewe kwamba dhambi haipo, kanisa ndilo lililoitunga ili litutawale. Ukumbi wa Ulaya ulishangilia. Kwetu najua watu wazima waliozima filamu hapo, na siwalaumu. Waliona wamealikwa kwenye kisa cha kwaya wakakuta hoja ya kumkana Mungu. Ninachoweza kusema ni kwamba mstari ule ni wa Inger, umetoka kwa mwanamke aliyelala kitanda kimoja kwa miaka na mtu anayemhukumu mchana na kujificha usiku. Pollak anaonekana kukubaliana naye, hiyo kweli, na filamu ingekuwa bora kama angemwacha aseme bila kumpigia makofi. Lakini mama mchungaji kusema kitu cha hasira si sawa na filamu nzima kukifundisha.

Twende kwa Gabriella, maana hapa ndipo maoni ya watazamaji yalipogawanyika kwa namna ambayo haihusu ladha.

Wimbo wenyewe, Gabriellas sång, ulitungwa na Stefan Nilsson, maneno yakaandikwa na Py Bäckman. Ulitoka kwenye filamu ukaenda kuishi peke yake: ulikaa kwa muda mrefu kwenye Svensktoppen, chati ya redio ya Uswidi, ukaingia harusini, mazikoni na kwenye mahafali, na leo kwaya za nchi ambazo hazijaiona filamu zinauimba kwa Kiswidi cha kukariri. Ndani yake mwanamke anasema maisha haya sasa ni yake, kwamba muda wake hapa duniani ni mfupi na anataka ajue aliishi. Kwenye filamu Daniel anamtungia, Gabriella anakataa, wenzake wanamsukuma, na usiku wa tamasha anapanda jukwaani huku Conny yupo miongoni mwa waliokaa.

Sjöholm hafanyi mengi. Anaanza karibu kama mtu anayezungumza, macho hayajui pa kutua, mabega yamebana. Beti ya kwanza inapita bila yeye kumtazama yeyote. Kisha sauti inapanda, wenzake wanaingia nyuma yake kwa chini, na kuna sekunde ambayo unamwona akisahau kwamba mumewe yupo. Sekunde hiyo ndiyo wimbo. Mengine yote ni mapambo.

Waliopenda wakasema: huyo amekombolewa. Waliokasirika, na wengi wao walikuwa wanawake wanaojua wanachosema, wakauliza: amekombolewa na nini? Amerudi nyumbani usiku uleule kwa mtu yuleyule. Uswidi si nchi isiyo na sheria. Tangu mwaka 1982 mume kumpiga mke nyumbani ni kosa ambalo mwendesha mashtaka hulichukua bila kungoja mke afungue kesi, na mwaka 1998 likaongezwa kosa la pekee kwa ukatili unaorudiwarudiwa ndani ya uhusiano. Sheria ilikuwepo Ljusåker. Kilichokosekana ni jirani wa kuinua simu. Filamu inayomfanya mwanamke apone kwa kuimba, walisema, inawasamehe majirani.

Hoja hiyo ni nzito na nusu yake ni kweli. Ila ukiangalia tena utaona wimbo haukuimbwa kwa Conny wala kwa mwanamke mwenyewe tu. Kila mtu ukumbini anajua alama za usoni mwake zimetoka wapi. Walikuwa wakiziona dukani kwa Arne, wakaangalia pembeni. Baada ya ule usiku hawawezi tena kujifanya hawajui, kwa kuwa ameyatamka hadharani nao wamesimama kumpigia makofi. Gabriella anaondoka na watoto, Conny anaishia mikononi mwa dola, lakini kabla ya hapo analipiza kwa kumpiga Daniel vibaya, kama alivyompiga utotoni. Kwamba filamu inapitisha haraka mno yaliyotokea kati ya wimbo na kuondoka, hapo nakubaliana na waliolalamika. Ndiyo sehemu ambayo watu wenye yaliyowapata kama ya Gabriella wangependa kuiona, nayo imekatwa ili tuwahi basi la Innsbruck.

Na basi linaondoka. Safari yenyewe imejaa vitu vidogo vya watu wa kijijini wakiwa nje ya nchi, na sikai nayo. Ni ya kufurahisha na haina jipya kwa aliyewahi kusafiri na kwaya. Wasiwasi wa Arne juu ya ratiba ni wa kila katibu wa kwaya duniani.

Mwisho ndio uliowagawa watu kuliko yote. Kwaya imepangwa jukwaani, ukumbi umejaa, kwaya za mataifa mengine zimekaa zikingoja, na mwalimu hayupo. Yuko chooni. Moyo umemshinda, ameanguka, kichwa kimegonga radieta na damu inatoka. Jukwaani ukimya unaanza kuwa aibu. Kisha Tore, kijana mwenye ulemavu wa akili ambaye mwanzoni si kila mtu alimtaka kwenye kwaya, anatoa sauti. Si wimbo. Ni sauti moja tu, ndefu. Wa pili anaidaka, wa tatu anaweka yake juu, wa nne chini, na ukumbi mzima, washindani pamoja na wasikilizaji, unainuka na kuingia. Sauti hiyo inapita kwenye tundu la hewa hadi chooni. Daniel anaisikia. Anatabasamu, na tunamwona shambani kwenye nafaka akimkimbilia mtoto aliyekuwa yeye, anamnyanyua.

Maswali yalikuwa mawili. Je, alikufa? Na je, walishinda?

La pili lilinishangaza, lakini liliulizwa kweli, hasa na wanamuziki. Mwimbaji mmoja wa tena, ile sauti ya juu ya wanaume, niliyeitazama naye, mtu wa solfa mpaka kwenye damu, alikuwa amekunja uso tangu mazoezi ya kwanza. Shida yake ilikuwa ya kiufundi: nota ziko wapi? Daniel anawalaza sakafuni, kichwa cha huyu juu ya tumbo la yule, wavute pumzi pamoja. Anawaambia wasikilize. Haonekani akirekebisha besi iliyoshuka, hafundishi kipande kwa kipande, wala hakuna siku alto wanabaki baada ya wengine kuondoka. Halafu kwaya hiyo ya watu kumi na kitu inapelekwa kwenye mashindano ya kimataifa na inachofanya ni kupasha sauti. Majaji wangeandika nini?

Wanamuziki wa Ulaya nao walilalamika vivyo hivyo, na kiufundi wamepatia. Kwaya haijengwi kwa kulala sakafuni. Lakini kuna kitu ambacho wengi wao hawakukijua, na sisi huku kinatugusa zaidi. Mmoja wa walioandika hadithi hii pamoja na Pollak ni Anders Nyberg, mwanamuziki wa Kiswidi ambaye mwaka 1978 alikwenda Afrika Kusini na kikundi chake cha Fjedur, wakati wa ubaguzi wa rangi, wakajifunza nyimbo za makanisani na za mapambano kwa kuzisikia, midomo kwa masikio. Mwaka 1984 akachapisha mkusanyo wa nyimbo hizo, Siyahamba ikiwemo, na ni kupitia mkusanyo huo makanisa mengi ya Ulaya na Marekani yaliujua wimbo ule. Mtu wa historia hiyo anapoandika kwaya inayoanza na sauti ya mmoja, wengine wakaingia bila karatasi na bila mtu wa kuwapigia fimbo, sidhani alikuwa akiota. Alikuwa akikumbuka. Mazishini kwetu wimbo unaanza hivyohivyo: mama mmoja nyuma anauinua, na kufikia mstari wa pili sauti nne zimekwisha kujipanga zenyewe.

Nilimweleza hivyo yule mwimbaji wa tena. Akajibu kwamba mazishini hakuna majaji.

Naam, na Innsbruck nako hawakuonekana tena. Filamu haikuonyesha matokeo, haikuonyesha kombe, haikurudi hata kwenye sura ya mtangazaji. Waliokuja kutazama filamu ya mashindano walijiona wameibiwa dakika za mwisho baada ya kukaa zaidi ya saa mbili. Ila Daniel angekuwepo jukwaani, kwaya ingeimba kilichoandaliwa, ingefungwa na kwaya zenye mafunzo, na tungerudi nyumbani na somo la kwamba kushiriki ndiyo ushindi. Kukosekana kwake ndiko kulikoifanya kwaya iwe kitu kingine. Mara ya kwanza katika filamu nzima hakuna anayemtazama yeye, naye ndiyo mara ya kwanza yuko upande wa kusikiliza tu. Mtakatifu aliyelaumiwa kwa kuongea sana amelazwa chooni bila neno, na kwa dakika hizo hata adui wa filamu hii hana la kusema juu ya semina.

Swali la kwanza lilikaa wazi kwa miaka. Wengi waliamini amekufa. Wapo walioshikilia kwamba tabasamu lile ni la mtu aliyepona, wakaenda nyumbani wakiwa na amani. Mwaka 2015 Pollak akalifunga mwenyewe kwa kutoa mwendelezo, Så ock på jorden (Na Duniani Pia), majina yote mawili yakiwa yametoka kwenye Sala ya Bwana. Daniel kweli amekufa. Lena amebaki na ujauzito, na mchungaji Stig, aliyevunjika, anamwomba aongoze muziki wa kulifungua upya kanisa. Kipande kilichochaguliwa ni Haleluya ya Händel.

Mwendelezo huo ulipokewa baridi, na mashabiki wa ile ya kwanza ndio waliokuwa wakali zaidi. Sababu waliyoitoa wengi ni kwamba Nyqvist hayupo. Sikubaliani. Kosa lake ni kwamba kwaya iliyokwisha kuimba bila mwalimu imetafutiwa mwalimu mwingine, na kila kitu kinarudi kumzunguka yeye: nani anampinga, nani anampenda, ataweza au hataweza. Arne yupo, Stig yupo, nyuso zilezile zipo kwenye safu, lakini sasa ni watu wa kumsindikiza Lena. Na safari hii kuna nota, kuna wimbo ambao kila kwaya duniani inaujua, kuna tamasha linalofika mwisho wake kama lilivyopangwa. Yule mwimbaji wa tena aliipenda zaidi kuliko ya kwanza.